Wodi moja, usiku mmoja, malipo matatu: manesi wa mkataba nyanda za juu kusini tukutane hapa

Mkesha wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu heshima kwenu, ndaga fijo kwa wa Mbeya wote, kamwene kwa ndugu zangu wa Iringa. Nimetoka night asubuhi hii sijalala bado, mkikuta sentensi haina kichwa wala miguu mnivumilie tu.

Mi ni nesi, diploma, leseni yangu ya Baraza iko hai na haijawahi kulala hata mwaka mmoja. Napiga kazi hospitali moja ya serikali huku kwetu, siitaji na msinifuate inbox kuniuliza ni ipi. Nilimaliza chuo 2019. Ajira Portal (mfumo wa kuombea kazi serikalini) nimeomba mpaka nadhani ule mfumo unanijua kwa sauti, usaili nimeitwa mara mbili, mara ya pili tuliitwa wengi kwenye ukumbi mpaka nikasema hapa hata aliyekuja na maombi ya mchungaji atarudi kwao. Mwaka wa kwanza nilijitolea bure, nauli ya bajaji kutoka Uyole ananipa mama kwenye hela ya viazi. Mwaka wa pili wakaanza kunipa kitu wanaita "ya sabuni". Toka 2022 nina mkataba wa miezi mitatu mitatu, nalipwa laki tatu kutoka mapato ya ndani ya hospitali, na nikisema nalipwa maana yake nalipwa ikipatikana.

Sasa jana usiku. Wodi ina vitanda 30, wagonjwa 38, wengine wamelala wawili wawili na mmoja alikuwa kwenye godoro pale karibu na mlango wa sluisi (chumba cha kumwagia uchafu wa wodi). Baridi ya Julai mnaijua, dirisha moja limezibwa na kipande cha boksi la drip. Tulikuwa watatu zamu. Wa kwanza ni dada mmoja mwenye cheki namba, yaani mwajiriwa wa kudumu wa serikali, mtu mzima, mchapakazi kweli sina neno naye. Wa pili mimi. Wa tatu binti volantia ana miezi mitano toka atoke chuo, halipwi hata mia. Saa nane usiku akaingia mgonjwa wa ajali ya boda kutoka njia ya Mbalizi, kichwa kimepasuka, analeta fujo amelewa, na wakati huohuo bibi wa kitanda namba 11 anakata pumzi. Yule dada kakimbilia kwa bibi, mi na volantia tukabaki na wa boda, nikatafuta mshipa mara tatu ndo kanula ikakaa. Binti anashika mkono wa mgonjwa huku analia. Tukapambana mpaka saa kumi na moja, bibi akakaa sawa, wa boda akalala.

Asubuhi tukatoa ripoti, tukaondoka. Yule dada kapanda bajaji anaongea kwamba mshahara wa mwezi huu umechelewa siku moja na ana marejesho. Binti kaondoka kwa mguu kwenda Mwanjelwa kwa shangazi yake. Mi nimesimama kituoni nawaza, sisi wote watatu tumefanya kazi ileile, usiku uleule, kwa mgonjwa yuleyule, mmoja kwa mshahara wa serikali, mmoja kwa laki tatu ya mashaka, mmoja kwa sifuri.

Sasa hoja yangu, na hii naomba tuijadili kiutu uzima. Kuna siku nilisoma habari za Uingereza. Kule hospitali za serikali yao zinapopungukiwa manesi zinapiga simu ejensi, ejensi inaleta nesi wa zamu, na nesi wa ejensi anakuwa na gharama kubwa kuliko yule wa kudumu. Sasa kwa vile inauma mfukoni, wakubwa wao kila mwaka wanapiga kelele, wanaweka ukomo wa bei, wanaulizana bungeni. Pengo la nesi linawatoka damu, kwa hiyo wanalitafutia dawa (kama wanaipata au hawaipati hilo lingine).

Kwetu ni kinyume chake kabisa. Wa muda ndo wa bei rahisi. Mi na volantia kwa pamoja hatufikii hata nusu ya gharama ya mwajiriwa mmoja. Kwa hiyo pengo halimuumi mtu yeyote mwenye kalamu. Rosta imejaa majina, wodi ina mtu, mgonjwa anahudumiwa, ripoti inaenda juu inasomeka vizuri. Nani ataamka asubuhi kwenda kulilia kibali cha ajira wakati shimo limeshazibwa na mtoto wa watu anayelipiwa nauli na mama yake? Mimi ndo kile kipande cha boksi kwenye dirisha. Upepo hauingii, basi fundi haitwi.

Karibuni, matusi sitaki.

Baba Atu

Umenigusa kwa hiyo ya boksi la drip. Mi si mtu wa afya, nauza vipuri Kabwe, lakini mke wangu amejifungua mwaka jana na leba kulikuwa na nesi mmoja na wanafunzi wawili na kina mama sijui saba. Nilikasirika nikataka kugombana, sasa hivi nasoma hapa najiuliza yule niliyemfokea alikuwa analipwa au ndo haohao wa nauli ya mama. Kama anasoma humu anisamehe, sista ni sista tu kwetu huku nje, hatujui nani ana cheki namba nani hana.

Mnyalu wa Ipogolo

Kamwene mkuu. Hapo kwenye laki tatu ushukuru, Iringa nina rafiki analipwa laki na nusu na anafanya zamu kama zako. Ila nikusahihishe kitu, msimuonee wivu sana huyo mwenye cheki namba. Watu wanadhani akishaingia serikalini basi ametoboa. Chukua mfano wa mtu mwenye mshahara wa laki nane kamili kwenye karatasi, mi nimefanya hesabu maana ndo kazi yangu kwenye kikoba chetu:

PSSSF (mfuko wa pensheni) asilimia 5 ni 40,000. Inabaki 760,000 ndo inakatwa kodi, laki mbili na sabini ya kwanza haina kodi, inayofuata hadi 520,000 ni asilimia 8 yaani 20,000, kutoka hapo hadi 760,000 ni asilimia 20 yaani 48,000, jumla kodi 68,000. Bima asilimia 3 ni 24,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2 ni 16,000. Umebaki na 652,000. Kama alisoma digrii kwa mkopo, bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara, 120,000, amebaki na 532,000. Hapo hajalipa kodi ya nyumba, ada, na mkopo wa benki aliochukua kuanza ujenzi. Benki ikishamaliza utakuta mtu anachukua laki mbili na kitu mkononi, sawa na wewe. Afu anaingia kwenye kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, na kadi ya benki inabaki kwa mkopeshaji. Namjua nesi mmoja hajashika kadi yake mwaka wa pili huu.

Mkesha wa Uyole

@Mnyalu nakubali hesabu yako lakini kaka mbona unalinganisha mtu aliyekopa nyumba na mtu ambaye hakopesheki? Mi benki nikiingia na mkataba wa miezi mitatu wananipa maji ya kunywa na kuniaga. Huyo dada hata akibaki na laki mbili ana bima ya watoto, ana pensheni inajaa (mwajiri anamuwekea asilimia 15 juu ya ile 5 yake), ana likizo siku 28, akijifungua ana siku 84. Mi mwenzangu mmoja wa mkataba alipata mimba mwaka jana, mkataba ulipoisha ukaisha. Hakuna aliyemfukuza. Hawakumuandikia mwingine tu.

Hesabu za Halmashauri

Nimekuwa nasoma kimya naona niseme maana kuna watu watadhani wakubwa wa hospitali wanakaa na hela wanawanyima. Mimi niko upande wa hesabu, mkoa wa jirani, sio Mbeya.

Iko hivi. Mshahara wa mwenye cheki namba unatoka Hazina, hauguswi na hospitali wala halmashauri, unaingia moja kwa moja kwa mtumishi. Hospitali haina uwezo wa kuajiri mtu wa kudumu hata ikiwa na hela imejaa kabatini. Inaandika ikama yake (idadi ya watumishi inaotakiwa kuwa nao), inapeleka maombi, kibali cha ajira kinatolewa Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma, watu wanapangwa kutoka huko. Ukiomba manesi 20 unaweza kuletewa 4 na mmoja wao akaripoti, akaona baridi, akaanza kutafuta uhamisho kwenda Dar kumfuata mume.

Sasa pengo lililobaki Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa hospitali, anafanyaje? Kilichoko mkononi mwake ni mapato ya ndani, yaani ile hela ya papo kwa papo mgonjwa anayolipa dirishani, na malipo ya bima. Hiyo hela ndo inanunua dawa MSD (bohari ya dawa ya serikali), inalipa umeme, mafuta ya ambulansi, kampuni ya usafi, walinzi, chakula cha dharura, karatasi, na ninyi. Na nakwambia ukweli kabisa kama mtu ninayekaa na hizo hundi, ninyi mko mwisho wa foleni. Umeme usipolipwa thieta inazima. MSD isipolipwa dawa haziji. Nesi wa mkataba asipolipwa anakuja kesho yake vilevile maana anaogopa kupoteza nafasi. Huo ndo ukweli mchungu.

Na Julai ndo mwezi mbaya zaidi. Mwaka wa fedha umefungwa tarehe 30 Juni, mfumo umefungwa, bajeti mpya haijakaa sawa, malipo hayatoki hata kama hela ipo. Kwa hiyo bwana Mkesha hiyo ya Juni usiitegemee kabla ya katikati ya Agosti, si uchawi.

SistaWaZamani

Wanangu. Mimi nimestaafu, nimefanya kazi miaka 34, nimeanzia zahanati ya kijijini Rungwe nimemalizia hospitali ya wilaya. Zamani ukimaliza chuo unapangiwa, unaenda na sanduku lako. Hakuna aliyekaa nyumbani na cheti cha uuguzi, hata mmoja. Tulikuwa tunagombaniwa sisi na misheni na serikali.

Naona mlipoharibikiwa ni pale katikati ya mwaka 2016 ajira ziliposimamishwa kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa, halafu 2017 ikaja ya vyeti feki, watumishi 9,932 wakatajwa kwa mpigo mmoja mwezi wa nne. Sisemi uhakiki ulikuwa mbaya, wodini kwangu aliondoka mtu na tulijua siku zote kuwa kuna kitu. Lakini vyuo havikusimama kutoa wahitimu. Kila mwaka wanatoka na wa mwaka uliopita bado wamekaa. Na baadaye ndo yakajengwa majengo, zahanati, vituo vya afya vya tarafa kwa zile tozo za miamala za 2021, mazuri kweli yana vigae, nimepita kimoja juu huku kina wodi tatu na muuguzi mmoja ana funguo zote kiunoni kama mlinzi wa stoo.

Jengo linazinduliwa, linakatwa utepe. Muuguzi hazinduliwi.

Kijana wa Vwawa

Bibi hapo kwenye utepe nimecheka kwa uchungu 😂😂

Tabasamu CTC

Naomba na sisi wa miradi tuhesabiwe maana mnazungumzia malipo matatu mimi naongeza la nne. Nilikuwa nafanya CTC, yaani kliniki ya wanaotumia dawa za VVU, kliniki ya serikali, meza ya serikali, mafaili ya serikali, ila mwajiri wangu ni kampuni ya uwakala ambayo ofisi yake sijawahi kuiona, imepewa kazi na shirika, shirika limepewa hela na Wamarekani. Mshahara ulikuwa mzuri nisidanganye, karibu mara mbili ya mwenye cheki namba mwenye diploma kama yangu, na hilo lenyewe lilikuwa tatizo maana wenzangu wa serikali walikuwa wanasema "mwachie wa mradi, analipwa". Kila kazi mwachie wa mradi. Usajili mwachie wa mradi, kufuatilia waliopotea kwenye dawa mwachie wa mradi.

Januari 2025 ikatoka amri kule Washington misaada isimame siku 90. Ilikuwa Jumatatu tarehe 20 imesainiwa, mwisho wa wiki ile sisi tuna ujumbe wa simu tusiende kazini. Wakala wakasema ongea na shirika, shirika likasema mwajiri wako ni wakala. Nimezungushwa kama mpira. Wagonjwa walinipigia simu yangu binafsi kuuliza dawa watachukulia wapi, na wale wenzangu waliokuwa wanasema mwachie wa mradi wakakuta foleni mlangoni na hawajui hata daftari la ufuatiliaji linakaa wapi. Siwalaumu. Miaka yote ile hospitali ilikuwa inaonekana ina watu kumbe watu ni wa kuazima, na mwenye nao yuko bara lingine.

Sasa hivi nauza parachichi kwa jumla, nanunua Rungwe napeleka Tunduma. Namshukuru Mungu.

Mkesha wa Uyole

Dada Tabasamu pole sana. Na ndo nilichokuwa nakisema, wewe uliziba shimo kwa bei kubwa lakini hela ya mtu mwingine, kwa hiyo napo hakuna aliyeumia huku. Ungekuwa unalipwa na halmashauri ungeona jinsi wangeshtuka mapema.

Wakili wa Bajaji

Sio wakili kweli ila nilisoma sheria miaka miwili nikaishia njiani, kwa hiyo mnichukulie kwa kiasi.

1. Dada wa CTC, kanuni za mawakala binafsi wa ajira za 2014 zilikuja kukata kabisa huo mchezo wa wakala kujifanya mwajiri. Wakala kazi yake kuunganisha tu, mwajiri ni yule unayemfanyia kazi. Kulikuwa na kelele kubwa wakati ule, makampuni mengi yalikuwa na watu wa aina hiyo. Mchezo ulivyorudi kwa jina jipya la "huduma" hilo mnalijua wenyewe.

2. Bwana Mkesha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Wiki ni saa 45, zaidi ya hapo ni ovataimu kwa mara moja na nusu. Mkataba wako unasemaje?

3. Kugoma msahau. Huduma ya afya iko kwenye orodha ya huduma muhimu kwenye sheria hiyohiyo kifungu cha 77, pamoja na maji, umeme, zimamoto na waongoza ndege.

Mkesha wa Uyole

Mkataba wangu ni ukurasa mmoja na nusu. Hiyo nusu ni mhuri.

Mlima Rungwe

Mnalalamika sana. Mkulima anaamka saa kumi anapanda mlima na mbolea mgongoni nani anamlipia night? Kama unesi haulipi acha kauze mitumba Sido. Hamjalazimishwa.

Baba Atu

@Mlima siku ukilazwa utamwambia nesi akauze mitumba tuone nani atakubadilisha shuka.

SistaWaZamani

Mwacheni. Kila wodi ina mgonjwa mmoja wa hivi.

Mtoka Mafinga

Nimeona mmeitaja Uingereza, niko huku Coventry mwaka wa nne, nyumbani Mafinga, nilifanya kazi misheni kabla sijaondoka. Mwanzisha uzi umepatia kwa asilimia kubwa ila picha kamili ina makunyanzi.

Nesi anayeanza NHS (huduma ya afya ya serikali huku) yuko bendi ya 5, yaani ngazi ya mshahara, na toka Aprili 2025 ilikuwa pauni 31,049 kwa mwaka. Msizidishe kwa shilingi mkaruka ruka, kodi ya chumba huku inakula kabla hujajua. Ejensi kweli inalipa zaidi kwa saa, lakini ukiumwa hulipwi, zamu ikifutwa saa moja kabla imefutwa, na wodini unapewa wagonjwa wazito maana wewe ni mgeni na "unalipwa". Niliposoma ya dada wa CTC nilicheka, ni sentensi ileile tu kwa Kiingereza. Afu kuna kitu wanaita benki, si ya hela, ni orodha ya manesi wa hospitali yenyewe wanaochukua zamu za ziada kwa bei nafuu kuliko ejensi. Hiyo ndo wanaisukuma sana sasa.

Wakubwa huku walianza kuweka ukomo wa bei za ejensi mwishoni mwa 2015. Bado walikuwa wanatumia karibu pauni bilioni 3 kwa mwaka, Novemba 2024 serikali ikaja na mpango wa kuzuia mtu kuacha kazi halafu kesho yake arudi wodi ileile kupitia ejensi. Kwa hiyo inawauma kweli, ila kuumwa si kupona. Manesi wenyewe walifika mahali chama chao, ambacho kina zaidi ya miaka 100, kikagoma tarehe 15 na 20 Desemba 2022, England hawakuwahi kugoma namna ile. Sababu ndo hiyo, mshahara wa kudumu umebaki nyuma, watu wanakimbilia ejensi au wanaacha kabisa, wodi inapungua, ejensi inaitwa, hela inayoliwa na ejensi ndo ingepandisha mshahara wa kudumu.

Na kabla hamjaniuliza mchongo: Tanzania iko kwenye orodha ya WHO ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, wakala wa huku haruhusiwi kuja kuwavuna. Mtu akiomba mwenyewe moja kwa moja inaruhusiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia yeye ni ejensi ya Uingereza na anataka milioni mbili ya "usajili", kimbia.

Kijana wa Vwawa

Nchi yenye upungufu mkubwa wa manesi na mimi nesi niko nyumbani nachunga mbuzi za mzee. Kuna mtu wa kunielezea hiyo hesabu?

Hesabu za Halmashauri

@Kijana wa Vwawa upungufu unahesabiwa kwa ikama, ajira inahesabiwa kwa bajeti ya mishahara. Ni daftari mbili tofauti.

Mnyalu wa Ipogolo

Na bajeti ya mishahara nayo tuiangalie. Mei Mosi 2025 pale Singida kima cha chini cha mshahara wa serikali kilitangazwa kutoka 370,000 kwenda 500,000, asilimia 35.1, kuanzia Julai 2025. Watu mtaani wamesikia 35.1 wanadhani kila mtumishi amepandishiwa hivyo. Mnakumbuka Julai 2022, ilitangazwa 23.3, watu wakafungua meseji ya benki mwisho wa mwezi wakakuta elfu kumi na kitu, kelele zilivyokuwa. Asilimia kubwa inaenda kwa wa chini kabisa, huko juu inapungua kadiri unavyopanda. Ni sawa tu mimi naunga mkono, ila nesi wa diploma yuko katikati pale, hana kilio cha wa chini na hana hela ya wa juu.

Mkesha wa Uyole

Na sisi wa mapato ya ndani hiyo laki tano haitugusi, tuko laki tatu yetu. Nimemuuliza inchaji (msimamizi wa wodi) jana akacheka akaniambia "hiyo ni ya watumishi". Nikamuuliza mi ni nani. Akasema "wewe ni mwenzetu".

Dada wa Makete

Mimi niko misheni huku Njombe, na huku tuna picha nyingine kidogo. Hospitali za kanisa za ukanda huu, Ilembula, Ikonda, Tosamaganga huko Iringa, ndo zimebeba watu miaka mingi, na nyingine zina makubaliano na serikali, kwa hiyo unakuta wodi moja ina waajiriwa wa kanisa na watumishi wa serikali walioazimwa. Kila ajira za serikali zikitoka huku tunakaa roho juu, maana anayeondoka ni yule uliyemfundisha kusoma partografu (chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi) miaka mitatu. Serikali ikiajiri wawili wilayani kumbe mmoja ametoka kwetu. Shimo halijazibwa limehamishwa tu kilomita 60.

Ninachotaka kusema Mkesha, usiwachukie wenye cheki namba wala wa misheni wala wa mradi. Na kuna hii tabia mbaya wodini, wa mkataba anapangiwa night mfululizo kwa vile hana wa kumlalamikia. Hiyo haitoki Hazina wala Utumishi, inatoka kwenye kalamu ya anayeandika rosta, na huyo ni nesi mwenzetu. Mimi naandika rosta. Nimeshaifanya hiyo dhambi, najua ninachosema.

SistaWaZamani

Mwanangu wa Makete umesema jambo ambalo wengi tunaenda nalo kaburini. Nami niliwahi.

Mkesha wa Uyole

Dada hapo umenipiga kofi la upole. Night zangu mwezi huu ni 14, nilidhani ni bahati mbaya.

Nimekunywa chai nimepata akili kidogo, nijibu na wa hesabu. Mkuu nimekuelewa kwamba Mfawidhi hana kalamu ya kuajiri. Lakini ripoti anayo. Kwenye ripoti ya robo mwaka wasiandike "wodi ina wauguzi 11", waandike "wodi ina wauguzi 5 wa serikali, 4 wa mkataba ambao hawajalipwa miezi miwili, na 2 wasiolipwa kabisa". Na ile foleni yenu ya malipo, wa mkataba awekwe kabla ya karatasi na chai ya vikao, sisemi kabla ya umeme. Tukiwekwa hapo tutaanza kuwa gharama, na tukiwa gharama kuna mtu atapiga kalkuleta aone bora aombe kibali.

Hesabu za Halmashauri

Hiyo ya ripoti inawezekana. Fomu ina safu ya "wengineo", watu huwa tunaiacha wazi. Ya foleni siahidi kitu ila nitaiongea kwenye kikao cha kamati.

Wakili wa Bajaji

Iwekwe kwenye muhtasari, mkuu. Isiishie mdomoni.

Binti Forest Mpya

Samahani wakuu nimechelewa kuingia, nimesoma uzi wote. Nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga mwaka jana, leseni ninayo. Kaka Mkesha ukipata ajira ukiondoka hapo, au yule volantia akiacha, naomba konekshen. Hata bure kwa kuanzia sio mbaya, nisije nikasahau mikono.

Mkesha wa Uyole

Njoo Jumatatu saa mbili asubuhi, nakutumia inbox ni wapi. Leta nakala za vyeti, leseni, na barua ya maombi imeandikwa kwa mkono, matroni hapendi za kuprinti. Na uvae koti zito dada, lile dirisha bado.